Kulisha Wageni Wengi kwa Feza Kidogo

SOMO LA 12
Kwa wamama wa kanisa, mashemasi, na wote wanaopika siku za mkutano, arusi na matanga.

Kusoma: Yoane 6:1-13, Marko 6:39-40, 1 Wakorinto 11:20-22, 33



Kupokea wageni ni kazi njema. Katika inchi yetu mgeni hafukuzwi mlangoni, hata kama chakula ni kidogo. Lakini wengi wanaogopa siku ya wageni. Mama anajiuliza moyoni: Nitawalisha watu 100 namna gani, na feza ya sadaka ni hii tu?

Katika somo hili tutajifunza namna ya kuwashibisha watu wengi kwa feza kidogo, bila kuingia katika deni na bila kuwapa ugonjwa. Mambo haya yanakwenda pamoja. Mtu anayeokoa feza kwa njia mbaya anaweza kuwalisha wageni wake sumu. Mimi ninajua jambo hili, kwa sababu nililifanya.

KOSA LANGU

Nilipokuwa mganga kijana, nilikwenda katika mkutano wa siku tatu wa kanisa moja la milimani. Siku ya kwanza walichinja mbuzi. Hakuna mtu aliyehesabu wageni. Walipika kwa kubahatisha, na jioni sufuria moja kubwa ya nyama ilibaki karibu nusu. Wakaifunika kwa majani ya ndizi, ikalala jikoni.

Asubuhi mama mzee, mkubwa wa wapishi, alifunua sufuria akaona povu juu ya mchuzi. Akaniita, akasema: "Mwana wangu, tuimwage. Nyama hii imelala vibaya." Lakini asubuhi ile ile nilikuwa nimehubiri Yoane sura ya 6, namna Bwana Yesu alivyowaagiza wanafunzi kukusanya vipande vilivyobaki. Nikamjibu: "Mama, Bwana hapendi tupoteze kitu. Nyama hii ni sadaka ya watu maskini. Ichemsheni sana, moto unaua vidudu vyote." Aliniangalia kidogo, kisha akasukuma kuni chini ya sufuria. Mimi nilikuwa mganga mwenye vazi jeupe. Yeye alikuwa amepika miaka 40, lakini alinitii.

Tulikula saa sita. Mbele ya saa kumi watu walianza kutapika, kisha kuharisha. Tuliwalaza ndani ya kanisa, juu ya mikeka, kati ya mabenchi. Watu wazima walipona. Mtoto mmoja wa miaka miwili, aliyekuwa ametoka katika ugonjwa wa surua na bado alikuwa zaifu, hakupona. Alikufa mbele ya jogoo kuwika. Na feza iliyotumika kununua serumu na kuchukua wagonjwa kwa machela ilipita mara nyingi bei ya nyama ile.

Baadaye tulijua sababu. Msichana aliyekata nyama alikuwa na kidonda chenye usaha katika kidole, amekifunga kwa kitambaa. Vidudu vya usaha viliingia katika nyama, vikazaana usiku wote ndani ya mchuzi wa vuguvugu. Vidudu vya namna hii vinatoa sumu. Moto wa asubuhi uliua vidudu, lakini sumu yao ilibaki, kwa maana moto wa jikoni hauiondoi. Mimi nilijua nusu ya jambo, na nusu hiyo niliisema kwa sauti kubwa.

Nilikwenda kwa mama wa mtoto, na kwa yule mama mzee, nikakiri kosa langu mbele yao. Kisha nikasoma Yoane 6 tena. Vipande vile vilikusanywa saa ile ile watu waliposhiba. Havikulala vimefunikwa majani. Na mbele ya mikate kuvunjwa, watu waliketishwa, na Marko anatuambia kwamba waliketi kwa makundi, mengine watu mia, mengine hamsini. Kuwapanga watu kulitangulia kugawa chakula.

Basi fundisho la leo ni hili: Feza inaokolewa mbele ya kupika. Haiokolewi kesho yake ndani ya sufuria.

1. HESABUNI WATU KWANZA

Siku 14 mbele ya mkutano, tumeni ujumbe kwa kila kanisa na kuuliza: Watakuja watu wazima wangapi, na watoto wangapi? Shemasi mmoja aandike majibu katika daftari. Mtoto wa chini ya miaka 10 ahesabiwe nusu ya mtu mzima. Kisha ongezeni sehemu moja katika kumi kwa ajili ya wapita njia, kwa maana hawakosi kuja.

Mfano: Watu wazima 80 na watoto 40. Watoto 40 ni sawa na watu 20. Jumla ni 100. Ongezeni 10. Mtapika kwa watu 110.

Katika ujumbe ule ule, ombeni kila jamaa ilete kikombe kimoja cha maharagi makavu na ukuni mmoja, na kila mgeni alete sahani yake, kijiko na kikombe. Hii si aibu. Yule kijana wa Yoane 6 alitoa chakula chake mwenyewe, kilichokuwa kidogo sana.

Kisha wekeni feza yote juu ya meza, mbele ya shemasi na mbele ya mkubwa wa wapishi pamoja. Msimwite mama wa jikoni wakati vitu vimekwisha kununuliwa. Yeye ndiye anayejua sufuria. Kama feza haitoshi, punguzeni nyama. Msipunguze sabuni, wala kuni, wala chumvi.

Na msikope. Hapa hospitalini tumeona mara nyingi jambo linalofuata matanga makubwa. Mjane ameuza mbuzi na mbegu zake ili watu wasimcheke. Wageni wamerudi kwao. Yeye na watoto wanakula bugali na chumvi tu, na nyuma ya majuma machache anatuletea mtoto mwenye miguu ya kuvimba na nywele nyekundu. Hiyo ni bwaki, ndiyo kwashiorkor. Karamu ya siku mbili isile chakula cha watoto cha miezi sita. Wazee wa kanisa, ni kazi yenu kumwambia mjane wazi: Maharagi yanatosha.

2. CHAGUENI CHAKULA CHA NGUVU KISICHO CHA FEZA NYINGI

Watu wengi wanafikiri karamu bila nyama si karamu. Lakini angalieni. Kilo moja ya maharagi makavu ina karibu grama 220 za proteini, ndicho chakula kinachojenga mwili. Kilo moja ya nyama mbichi ya ngombe, isiyo na mifupa, ina karibu grama 200. Sasa ulizeni bei ya vitu hivi viwili sokoni. Na kilo moja ya maharagi ikipikwa inaongezeka kuwa zaidi ya kilo mbili.

Proteini ya maharagi peke yake haikamiliki vizuri. Lakini maharagi yakiliwa pamoja na mahindi au mchele, kimoja kinasaidia kingine. Samaki wadogo wakavu, kama ndakala au sambaza, wanaongeza nguvu na ladha, nao wanaliwa pamoja na mifupa yao, inayosaidia mifupa yetu.

Kwa watu 100, chakula cha mara moja, tunatumia vipimo hivi:

Maharagi makavu: kilo 9
Unga wa bugali: kilo 18 (au mchele, kilo 13)
Sombe iliyopondwa au lengalenga: kilo 12
Ndakala kavu: kilo 1 na nusu
Mafuta ya mawese: litri 2
Vitunguu: kilo 2
Chumvi: grama 250

Kwa uji wa asubuhi, watu 100: unga kilo 4, sukari kilo 2, maji litri 35.

Kama mtu ametoa mbuzi kuwa zawadi, mshukuruni. Mchinjeni asubuhi, mkateni vipande vidogo, mpikeni vizuri katika mchuzi, mle mchana ule ule mpaka aishe. Mnyama aliyekufa mwenyewe, au aliyeonekana mgonjwa, msimpike, hata akitolewa bure.

3. MSIHARAKISHE MIHOGO

Siku za wageni wengi watu wanatafuta unga upesi. Wengine wanatoa mihogo michungu majini nyuma ya usiku mmoja tu. Hii ni hatari kubwa. Mihogo michungu ina sumu. Ilowekwe siku tatu au zaidi mpaka ilainike kabisa, kisha ianikwe juani mpaka ikauke vizuri. Mtu anayekula mihogo isiyotengenezwa vizuri anaweza kusikia kizunguzungu, kutapika, hata kufa. Na wale wanaoila hivyo majuma mengi, bila maharagi wala samaki, wanaweza kupata konzo: miguu inakakamaa gafula, na haiponi tena. Mganga Trolli aliandika habari za ugonjwa huu katika Kwango, mwaka 1938, na mpaka leo unaonekana katika Kongo, zaidi kwa wamama na watoto.

Basi lowekeni mihogo ya mkutano juma moja mbele. Kama mmechelewa, nunueni mahindi au viazi vitamu.

Sombe nayo ina sumu ile. Ipondwe vizuri, ichemke muda mrefu, na mwanzoni sufuria iwe wazi ili mvuke utoke.

4. KUNI NA MAJI

Maharagi yanakula kuni nyingi, lakini kuna dawa yake. Yalowekeni usiku wote katika maji mengi. Asubuhi mwageni maji yale, wekeni mapya. Yachemke kwa nguvu nusu saa, kwa sababu maharagi mabichi, zaidi yale mekundu, yana kitu kinachodhuru tumbo, na moto mdogo haukiondoi. Kisha yapikeni polepole mpaka yalainike, sufuria imefunikwa. Chumvi na mafuta vitiwe mwishoni. Jengeni ukuta mdogo wa udongo kuzunguka mafiga. Moto usiochukuliwa na upepo unatumia kuni chache.

Maji ya kunywa ni litri 2 kwa mtu kwa siku. Watu 100 wanataka bidoni 10 za litri 20. Ongezeni bidoni 15 za kupika, kunawa na kuosha vyombo. Maji ya kunywa yachemke kweli, mapovu makubwa yapande kwa dakika tatu. Yachemsheni jioni, yapoe usiku ndani ya bidoni safi zilizofungwa. Maji ya ziwa au ya mto yanayoonekana meupe yanaweza kuwa na kipindupindu. Katika Goma, mwaka 1994, ugonjwa huu uliua maelfu ya wakimbizi kwa majuma machache.

5. MIKONO NA VIDONDA

Wekeni bidoni yenye tundu dogo na kipande cha sabuni mahali pawili: karibu na choo, na mlangoni mwa jikoni. Kama sabuni hakuna, majivu safi yanasaidia. Wakati wa ugonjwa wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka Agosti 2018 hata Juni 2020, tulijifunza kunawa mbele ya kila mlango. Tulijifunza kwa machozi; tusisahau.

Mkubwa wa wapishi atazame mikono ya kila mtu asubuhi. Mwenye kidonda, jipu au usaha asikate nyama wala asigawe chakula. Mwenye kuharisha asiingie jikoni kabisa. Msimwaibishe mtu huyu. Mpeni kazi ya kuleta kuni au kupokea wageni. Yule msichana wa kisa changu hakuwa na kosa. Hakuna aliyemwuliza juu ya kidole chake.

Kisu na ubao uliokata nyama mbichi vioshwe kwa sabuni na maji ya moto mbele ya kukata kitu kingine.

6. KUGAWA

Pangeni wageni kwa makundi ya watu 10. Kila kundi lipate beseni moja ya bugali na bakuli moja ya maharagi, na kijiko kikubwa kimoja kiwe kipimo cha wote. Hivi mpishi anaona wazi: watu 110 ni makundi 11. Hakuna kundi linalorudi mara ya pili mbele ya wote kupata.

Paulo aliwakemea Wakorinto kwa sababu wengine walikula na kushiba, na wengine walibaki na njaa. Kwetu jambo hili linaonekana namna gani? Meza ya wakubwa inapata nyama, na wamama waliopika wanakwangua sufuria. Acheni desturi hii. Watoto, wenye mimba, wenye kunyonyesha na wazee wapate kwanza. Wachungaji wapate sawa na wengine. Na wapishi watengewe sehemu yao mbele ya kugawa.

7. MABAKI

Sasa mtauliza: Tutafanya nini ili chakula kisibaki? Pikeni maharagi kwa hesabu ya daftari. Lakini bugali isongeni kwa mafungu: kwanza kwa makundi 8, kisha tazameni watu walioketi, ndipo muongeze. Unga uliobaki katika gunia hauozi. Unga uliopikwa haungoji.

Chakula kilichopikwa kiliwe mbele ya saa mbili kupita toka kushuka motoni. Kama watu wamechelewa, sufuria ikae juu ya moto, itoe mvuke. Kumbukeni kwamba sufuria kubwa inapoa polepole sana. Ndani yake panabaki vuguvugu usiku wote, na katika vuguvugu kidudu kimoja kinaweza kuwa mamilioni mbele ya asubuhi. Chakula hakinuki, hakina povu, na bado kinaweza kuwa na sumu. Wali pia ni hivi, msiulaze.

Vikibaki vipande, fanyeni kama wanafunzi: vikusanyeni saa ile ile, vingali na moto, mvipeleke kwa wajane, kwa wagonjwa na kwa majirani, wavile mara moja. Kitakacholala, mpeni nguruwe au kizikeni shambani. Hiyo si kupoteza. Kupoteza kulifanyika mlipopika bila kuhesabu.

8. KAMA WATU WANAUGUA

Mtu akitapika au kuharisha, anza mara moja kumpa maji haya: litri moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Koroga. Mtoto anywe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mpeleke hospitalini upesi akiwa na macho ya kuingia ndani, au hapati mkojo, au analegea na kusinzia, au anaharisha maji meupe kama maji ya mchele. Usingoje asubuhi.

Waambieni waganga kweli yote: chakula gani kililiwa, saa gani, na watu wangapi wanaugua. Msifiche kwa sababu ya heshima ya kanisa.

MASWALI

1. Watu wazima 60 na watoto 40 wa chini ya miaka 10 watakuja. Pamoja na nyongeza ya wapita njia, mtapika kwa watu wangapi? Mtanunua kilo ngapi za maharagi kwa chakula cha mara moja? (Jibu: watu 88, karibu kilo 8.)
2. Kwa nini kuchemsha tena nyama iliyolala hakutoshi?
3. Mihogo michungu ilowekwe siku ngapi?
4. Mwenye kidonda katika mkono afanye kazi gani siku ya mkutano?
5. Katika kanisa lenu, nani anakula mwisho? Je, chakula kinamfikia?

KUMBUKENI

Yule mama mzee alijua sufuria kuliko mimi niliyejua kitabu. Toka siku ile, nikiingia katika jikoni ya mkutano, ninauliza kwanza: Mama, wewe unaona namna gani? Kisha ninafungua daftari, na tunahesabu pamoja.

Tuombe: Bwana, utupe mkono wa kutoa, na akili ya kuhesabu. Wageni wetu warudi kwao wameshiba na wazima, na watoto wetu wasibaki na njaa kwa ajili ya sifa yetu. Amina.